Waliosimama Nyuma

Subilaga alikuja na diski ndani ya soksi,
soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo chini ya viazi vya Uporoto
ili kwenye gari asionekane amebeba kitu cha maana.
Ilikuwa Juni. Mwanjelwa nzima ilitoa moshi mdomoni.
"Nitolee nakala," alisema, "kabla hii haijafa."

Kazi hii nina miaka kumi na mitatu.
Diski za harusi, za kipaimara, za ngumi za Kichina,
nazijua kwa mikwaruzo kama daktari ajuavyo kikohozi.
Nikaifuta kwa fulana ya pamba
toka kitovuni kwenda ukingoni, mstari mnyoofu,
si kuzungusha kama anayesugua sufuria.
Mashine ikakwaruza koo, ikasoma:
giga saba na kitu. Na diski tupu nilizonazo
hubeba nne na ushee.

Basi nikabana.
Ndivyo tufanyavyo wote, Kabwe hadi Soweto:
unabonyeza, unakwenda kunywa chai, unarudi,
elfu mbili mkononi, mteja hajui kilichopungua.

Huyu alijua.
"Rudisha. Rudisha tena. Simamisha."

Ilikuwa filamu ya vijana wa Tukuyu,
kamera ya kuazima, bastola ya mbao iliyopakwa kiwi,
tajiri anamfukuza mkwewe katikati ya mashamba ya chai.
Mbele, tajiri: kila unywele wa ndevu mahali pake.
Nyuma, mteremkoni, wachuma chai na ukungu,
ila ukungu haukuwa ukungu tena. Ulikuwa vigae,
vya kijivu, vilivyopangwa na fundi mlevi,
na kati ya kigae na kigae
doa la kijani likitetemeka.

"Hilo doa," alisema, "ni Gwakisa."

Kaka yake. Walimpa elfu tano na soda
apite na kikapu mgongoni, asitazame kamera.
Akatazama.
Sekunde sita. Picha nyingine hana;
za ukutani zilikwenda na ukuta, mwaka wa mvua ile.

Nikarudisha diski ya kwanza. Kweli, yupo:
sweta la kijani lililofumuka kiwiko,
anacheka kama mtoto aliyekatazwa kucheka.

Nikaona haya.
Miaka kumi na mitatu naiambia mashine "punguza"
na sijawahi kuuliza inampunguza nani.
Tajiri haimgusi. Inajua tunamtazama yeye.
Inaanzia huko nyuma, kwenye majani, kwenye moshi,
kwa mtu wa elfu tano na soda, inasema:
hawa wanafanana, mraba mmoja utawatosha.

Nikaanza upya.
Nikatupa tangazo la magodoro,
nikatupa menyu ya mawaridi yanayozunguka,
nikatupa orodha ya majina ya mwisho.
(Niliisoma yote kwanza. Gwakisa hakuwemo.)
Bado ikazidi.
"Kwani lazima iingie moja?" Subilaga akauliza.
"Viazi visipoenea guniani, huwa tunavisaga?"

Basi mbili. Mwendo wa chini kabisa,
yeye miguu kwenye jiko langu la mkaa,
umeme ukakatika katikati, diski moja ikaungua bure,
nikakopa nyingine kwa jirani.
Mlima Loleza ulikuwa umeshameza kichwa chake
tulipoiona ya pili ikicheza: majani, moshi,
kiwiko kilichofumuka.
Nikaandika 1. Nikaandika 2.
Akaninyang'anya kalamu,
kwenye 2 akaongeza jina.

Alinilipa nusu pesa, nusu viazi.

Usiku nilitoa nakala ya harusi ya dada yangu,
niliyoibana kwa mkono huu, nikajisifu.
Nikatafuta nyuma ya keki, pale mama alipoketi.
Kitenge nilikiona.
Uso nikauhesabu: vigae tisa.
Ile ya awali nilimwazima mtu wa Chunya.
Sikumbuki hata jina lake.